Kutoa oili ndani ya intakula ukiwa nyumbani Malindi

Intakula ni kipoza hewa: hupoza hewa iliyosukumwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini. Utando mwembamba wa oili ndani yake ni kawaida. Mvuke wenye oili hutoka ndani ya injini kwa bomba la kupumulia, huingia njia ya hewa kabla ya turbo, kisha hutulia kwenye intakula. Shida ni pale unapofungua bomba na oili ikachuruzika. Hapo hewa haipoi vizuri, nalo joto la Malindi la Februari linazidisha. Injini ya petroli huanza kugonga. Ya dizeli, ikifyonza oili nyingi kwa mkupuo, inaweza kupanda mbio yenyewe, na hata ukizima ufunguo haizimiki.

Tuchukue Subaru Forester ya turbo, kwa kuwa intakula yake iko juu ya injini na haisumbui kuitoa. Acha injini ipoe kabisa. Legeza klipu za mabomba, toa bolti, vuta taratibu bila kung'ang'aniza na bisibisi. Ziba mdomo wa turbo na wa njia ya hewa kwa vitambaa safi, na uvihesabu: kitambaa kilichosahaulika au nati iliyodondoka humaliza turbo mara tu injini ikiwaka.

Simamisha intakula juu ya karai oili ichuruzike nusu saa. Ziba mdomo mmoja kwa kipande cha tyubu kuukuu na klipu, mimina mafuta ya taa hadi nusu (lita 1 hivi), ziba wa pili, tikisa, iache dakika 30 huku ukiigeuzageuza. Mwaga, rudia mpaka yatoke meupe. Mara tatu kwa kawaida zatosha. Petroli usitumie, mvuke wake hushika moto upesi. Kostiki soda nayo hula aluminiamu. Mabomba ya mpira usiyaloweke, yatavimba. Yapanguse kwa maji ya sabuni. Mafuta machafu yaweke kwenye dumu, usiyamwage mchangani karibu na kisima.

Sasa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kisha suuza sana. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, kwa hiyo suuza la mwisho liwe la maji ya mvua au maji baridi yasiyo na chumvi. Mapezi ya nje yapulizie maji ya kasi ndogo, maana yakilala hewa haipiti.

Kukausha ndiko watu wanakoharakisha. Weka juani siku nzima, midomo ikitazama chini, uigeuze kila baada ya saa chache. Kompresa ikiwepo, puliza kwa upepo mdogo. Ukisikia bado harufu ya mafuta ya taa au ukitikisa ikatoa tone, haijawa tayari: kilichobaki kitaingia silinda.

Kabla ya kufunga, tafuta oili ilikotoka. Pima oili kwa kijiti. Ikipita alama ya juu, punguza. Toa vali ya PCV (inayopitisha mvuke wa ndani ya injini) uitikise, isipolia, imeziba. Filta ya hewa iliyojaa vumbi la njia za Marafa hufanya turbo ifyonze oili kupitia sili zake. Shika mhimili wa turbo: kuyumba kidogo kando si neno, lakini ukiingia na kutoka, turbo imechoka na intakula itajaa tena. Angalia pia bomba la kurudisha oili kama limeziba.