Manjano: usiuze ahadi ya kuponya, uza tunguu safi

Mkulima wa manjano siku hizi haulizwi bei tu. Mnunuzi anataka kujua kama ni kweli yanazuia saratani ya utumbo, na wauzaji wengi huitikia "ndiyo" haraka mno.

Mtu ambaye utumbo wake mpana umevimba na kuwa na vidonda kwa miaka mingi yuko katika hatari zaidi ya kupata saratani humo. Kukumini, kile kinachoyapa manjano rangi yake, husaidia kutuliza uvimbe wa aina hiyo. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya wagonjwa 89 wa vidonda vya utumbo mpana. Waliopewa gramu 2 za kukumini kwa siku kwa miezi 6, pamoja na dawa zao za hospitali, ugonjwa uliwarudia wachache kuliko wenzao. Habari njema, lakini inahusu ugonjwa kurudi. Kwamba manjano huzuia saratani kwa binadamu, bado haijathibitishwa.

Tena piga hesabu. Manjano makavu huwa na kukumini kama asilimia 2 hadi 5, kwa hiyo gramu 2 ni sawa na gramu 40 hadi 100 za unga kila siku. Mchuzi gani huo?

Kazi ya mkulima basi ni kuilinda hiyo kukumini iliyomo na kuhakikisha hakuna sumu inayoingia. Shambani mambo si magumu: udongo usiotuamisha maji, matuta, samadi iliyooza vizuri, matandazo, na mbegu zisizo na dalili ya kuoza. Ukiona maji yanasimama baada ya mvua, hamisha shamba, maana tunguu zitaozea ardhini. Vuna majani yakishageuka njano na kukauka, kwa kawaida baada ya miezi 7 hadi 10.

Wengi huharibikiwa baada ya kuvuna. Osha tunguu, tenga mama (tunguu kubwa la katikati) na vidole (vichipukizi vyake vya pembeni), kwa kuwa mama ni nene na huchelewa kuiva. Chemsha ndani ya siku mbili tatu, dakika 45 hadi 60, mpaka kijiti kipenye bila kulazimishwa. Ukizidisha moto rangi hufifia. Ukipunguza, tunguu huwa ngumu katikati na hukauka vibaya.

Kisha anika juu ya kichanja au turubai safi, kamwe si juu ya udongo wala kando ya barabara. Geuza mara kwa mara, funika jioni umande usiingie. Jua likiwa zuri, siku 10 hadi 15 zinatosha. Chukua kidole kimoja ukivunje: kikikatika kwa mlio mkavu, tayari. Kikipinda, rudisha juani hata kama dalali amesimama mlangoni na fedha mkononi. Kilo 100 mbichi hutoa kama kilo 20 kavu, na anayetaka kuongeza uzito kwa unyevu anakaribisha ukungu. Baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, ambayo yenyewe husababisha saratani ya ini.

Kuna na ujanja wa rangi. Huko Bangladesh iligundulika kwamba baadhi ya wasindikaji walikuwa wakipaka manjano rangi ya viwandani yenye madini ya risasi ili yang'ae. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Ukiletewa "unga wa kung'arisha" usiojulikana, kataa.

Kwa walio Muheza na milima ya Amani, mkoani Tanga, pilipili manga mnayo tayari. Piperini yake, kile kinachoifanya iwashe, husaidia mwili kufyonza kukumini, kwa hiyo viungo hivi viwili vinaweza kuuzwa pamoja. Mteja anayetumia dawa za kuyeyusha damu au mwenye mawe kwenye nyongo mwambie aulize daktari kwanza, hasa kama anataka vidonge. Anayeona damu kwenye choo aende hospitali, asipitie kwako.

Kwenye kifungashio andika jina la zao, uzito, tarehe ya kusaga na mahali lilipolimwa. Neno "tiba" liache: madai ya kutibu yana taratibu zake, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala la Tanzania lipo kwa ajili hiyo.