SOMO: Kuitengeneza tovuti ya lugha yako ya programu ili mgeni abaki na aitumie

Habari za leo wakuu. Tangu mwaka uanze nimeulizwa swali hili mara nyingi hadi nimekuwa nanakili majibu yangu ya zamani na kuyabandika: "Nimetengeneza lugha yangu ya programu, inafanya kazi vizuri, mbona hakuna anayeitumia?" Nikifungua tovuti, karibu kila mara tatizo ni lilelile. Mgeni anafika, anakuta nembo kubwa na maneno matamu, lakini lugha yenyewe haioni popote. Anaondoka. Basi naandika yote hapa kwa mara moja. Mimi ni mmoja wa watu watatu tunaoitunza tovuti ya lugha ndogo, na yaliyomo humu ama nimeyafanya ama nimeyaona kwenye tovuti za wakubwa.

HATUA YA 1: Sema lugha ni ya nani

Sentensi moja, juu kabisa. "Lugha ya kisasa, rahisi na yenye kasi" haisaidii, maana kila lugha inajinadi hivyo. Waanzilishi wa lugha ya Julia walipoitangaza Februari 2012 walieleza wanachokitaka waziwazi: kasi ya lugha ya C pamoja na unyumbufu wa Ruby, kwa watu wa hesabu na sayansi. Mtu wa takwimu akisoma hapo anajua ameitwa yeye. Asiyehusika naye anajua, na hilo si hasara.

HATUA YA 2: Msimbo uonekane kabla mtu hajasogeza ukurasa

Hapa ndipo nabishana na wengi. Mwishoni mwa 2018 watu wa lugha ya Rust walizindua tovuti mpya. Ile ya zamani ilikuwa na kipande cha msimbo pale mbele. Mpya ikakiondoa, ikaweka kaulimbiu na sababu za kuichagua Rust. Watu wakalalamika sana, na lalamiko mojawapo lilikuwa hilohilo: nimekuja kuitazama lugha, lugha iko wapi? Rust walikuwa na jina tayari, wakaendelea kukua. Wewe huna jina bado. Mgeni wako atatupa jicho mara moja tu, na jicho hilo lazima litue kwenye msimbo.

Msimbo gani? Mistari 6 hadi 12, inayofanya kazi ambayo mtu angeihitaji kweli: isome faili ya mauzo, ijumlishe, itoe jibu. Usiweke fumbo la kuonyesha ubingwa. Haskell waliweka ukurasa wa kwanza chekecho ya namba tasa, fupi na nzuri kuitazama. Wajuzi wakaanza kubishana kwamba hiyo si chekecho ya Eratosthenes (njia ya kale ya kupata namba tasa) ya kweli, kwa sababu inaipima kila namba kwa kugawanya badala ya kufuta vigawe. Anayeanza yeye haambulii kitu hapo: mstari hauelewi, na namba tasa hana kazi nazo.

Mfano mtakaouweka nyinyi uingizeni kwenye majaribio yenu ya kila toleo. Ukivunjika, toleo lisitoke. Mgeni akinakili mfano wa ukurasa wa kwanza ukamkatalia, hamtamwona tena.

HATUA YA 3: Kitufe cha "Endesha"

Python.org wana kitufe kinachofungua Python ndani ya brauza. Go wana uwanja wa kuchezea tangu 2010. Lua, iliyozaliwa chuo cha PUC-Rio nchini Brazil mwaka 1993, ina tovuti isiyo na urembo wowote, lakini ina ukurasa wa majaribio: unaandika, unabofya, unapata jibu. Mtu aliye kwenye daladala na simu yake anaweza kuionja lugha kabla hajashuka. Kwetu hilo ni jambo kubwa, maana wengi wanaojifunza hawana laptopu yao wenyewe.

HATUA YA 4: Ukurasa wa kusakinisha

Hapa niliharibu, na niliharibu vibaya. Someni polepole.

Maelekezo niliyaandikia kwenye laptopu yangu ya Linux. Ilikuwa na kila kitu tayari: git, kompaila ya C, PATH (orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta amri) iliyokaa sawa tangu zamani. Amri tatu, zikafanya kazi, nikachapisha. Miezi miwili baadaye nikaitwa kufundisha vijana kwenye maabara ya chuo kimoja. Kompyuta 20, zote Windows, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya msimamizi. Dada mmoja wa mstari wa mbele alifuata maelekezo yangu neno kwa neno. Akashusha faili, akaifungua, akaandika jina la lugha, akabonyeza Enter. Windows ikamjibu kuwa haiitambui amri hiyo. Akarudia. Akadhani amekosea herufi, akaanza kuzipitia mojamoja kwa kidole kwenye kioo, midomo ikitamka kimyakimya. Hakuwa amekosea hata moja. Ni mimi ambaye sikuandika kwamba folda lazima iongezwe kwenye PATH, na kwamba dirisha la amri lazima lifungwe kisha lifunguliwe upya. Tulikuwa na masaa mawili; moja na nusu likaishia hapo. Bando langu nalo lilikatika, kwa sababu wote 20 walikuwa wanashusha faili ileile ya MB 90 kupitia hotspoti ya simu yangu.

Nilirudi nyumbani nikaufuta ukurasa ule wote.

ONYO: usichapishe maelekezo ambayo hujayajaribu kwenye mashine tupu. Tengeneza mashine pepe mpya (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako), au bora zaidi, mwombe mtu ambaye hajawahi kuiona lugha yako akae kwenye kompyuta yake, nawe ukae nyuma yake bila kusema neno. Kila anaposimama, ujue kuna sentensi inakosekana pale.

ONYO: weka na njia isiyohitaji ruhusa ya msimamizi. Faili ya zip inayofunguliwa popote inatosha. Andika ukubwa wa faili kando ya kitufe cha kushusha, mtu apange bando lake. Chini ya kila amri onyesha jibu litakalotokea ikifaulu, maana anayeanza akiona skrini imekaa kimya hajui kama amefanikiwa au ameshindwa. Na hiyo PATH ya Windows ielezwe kwa picha, hatua kwa hatua. Usiandike "ongeza kwenye PATH" ukaishia hapo kama nilivyofanya mimi.

HATUA YA 5: HTTPS (muunganisho salama) iwepo, na domeni ilipiwe kabla haijaisha muda.

HATUA YA 6: Ifungue tovuti kwenye simu ya bei ya chini kabisa unayoweza kuazima. Kupunguza dirisha la brauza kwenye laptopu hakukuonyeshi hali halisi.

HATUA YA 7: Akimaliza kusakinisha, mpe linki moja tu iliyoandikwa "Sasa fanya hivi". Ukimpa 14 hatabofya hata moja.

HATUA YA 8: Nyaraka za matoleo ya zamani

Python 2 iliacha kutunzwa tarehe 1 Januari 2020, lakini kurasa zake ziliendelea kujitokeza kwenye Google. Mwanafunzi ananakili print isiyo na mabano, Python 3 inaikataa, anaamini kosa ni lake. Lugha ndogo nazo zinaumwa ugonjwa huohuo. Juu ya kila ukurasa wa zamani weka bango lenye linki ya ukurasa huohuo katika toleo jipya, kisha weka tagi ya kanonikali inayoielekeza injini ya utafutaji kwenye ule mpya. Bango liende kwenye ukurasa wenyewe. Ukimpeleka mtu mwanzo wa nyaraka aanze kutafuta upya, atachoka.

HATUA YA 9: Namba ya toleo la mwisho na tarehe yake vikae ukurasa wa kwanza. Habari ya mwisho ikiwa ya miaka mitatu iliyopita, mgeni anajua nyumba haina mtu.

Maswali karibuni.

———

kobe_mtulivu: Asante mkuu. Sijasoma yote, ila nauliza template gani ni nzuri? Na rangi je?

Mleta somo: Yoyote inayofunguka haraka kwenye simu. Kuhusu rangi, maandishi yasomeke hata juani. Kipimo cha WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zifikiwe na watu wote, ni utofauti wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Halafu soma hatua ya 2.

jembe_la_mkono: Mkuu, watu wangu wakisakinisha wanaambiwa amri haitambuliki. Tatizo ni nini?

Mleta somo: Hatua ya 4.

jembe_la_mkono: Nimeiona sasa, samahani.

Mleta somo: Hamna shida. Ukikwama tena, leta ujumbe wa kosa wote kama ulivyo, na useme ni Windows ipi.

mzee_wa_kompaila: Ndugu, kwa heshima zote, tovuti haiuzi lugha. JavaScript ilienea kwa kuwa ilikuwa ndani ya brauza ya Netscape tangu 1995. PHP ilienea kwa kuwa hosti za bei nafuu zilikuwa nayo. Tovuti ni mapambo tu.

Mleta somo: Ya JavaScript ni kweli, mzee wangu, wala sijayakana. Lakini sikuandika popote kwamba tovuti inatosha. Lugha yangu haina Netscape mgongoni, na za wanaoniuliza humu hazina. Mlango tulio nao ni ule ukurasa mmoja, ndiyo maana naupigania. Na kwa kuwa umeitaja PHP: andika php.net, mkwaju, kisha jina la kitendaji, kwa mfano php.net/strlen, unafika moja kwa moja kwenye maelezo yake, na kurasa hizo hupokea nyongeza za watumiaji kwa chini. Hilo nalo ni pambo?

mzee_wa_kompaila: Hiyo ya php.net nimeitumia miaka. Hapo nakubali.

bintipwani: Shikamoo mkuu. Mimi bado ni mwanafunzi, lugha yangu nimeiandika kwa Go. Hatua ya 3 imenivutia sana ila sina hela ya seva ya kuendesha misimbo ya watu, na naogopa mtu ataandika kitu cha kuniharibia. Kuna njia nyingine?

Mleta somo: Marahaba dada, umeuliza vizuri. Ipo, na haina gharama ya seva. Go inaweza kutoa WebAssembly (msimbo ambao brauza inaweza kuuendesha yenyewe) tangu toleo la 1.11 la Agosti 2018. Unaweka GOOS=js na GOARCH=wasm, unajenga, unapata faili ya .wasm. Faili ya kuiunganisha na brauza, wasm_exec.js, inakuja pamoja na Go yenyewe. Msimbo unaendeshwa kwenye brauza ya mgeni mwenyewe, kwa hiyo hakuna cha kwako cha kuharibiwa.

Mambo mawili uyaangalie. Kwanza uzito: hata programu ndogo kabisa ya Go hufika kama MB 2. Usiipakie ukurasa unapofunguka. Isubiri mtu abofye kitufe, na seva iitume ikiwa imebanwa kwa gzip au Brotli. Ikibaki nzito, jaribu TinyGo, kompaila ya Go inayotoa faili ndogo. Pili, iendeshe ndani ya Web Worker, yaani kando na ukurasa wenyewe. Mtu akiandika kitanzi kisichoisha, ukurasa hautaganda, na kitufe cha "Simamisha" kitaweza kuiua ile kazi.

bintipwani: Nimeshukuru sana. Na maneno ya tovuti, niandike Kiswahili au Kiingereza?

Mleta somo: Lugha yako inamlenga nani? Tazama lugha ya programu ya Nuru, ambayo nayo imeandikwa kwa Go. Maneno yake muhimu ni ya Kiswahili: kama, sivyo, rudisha. Mtoto wa sekondari akiona andika("Habari") hahitaji kutafsiriwa. Kama walengwa wako ni hao, Kiswahili kitangulie, na usisahau lang="sw" kwenye HTML, ili programu za kuwasomea wasioona zijue zinasoma lugha gani. Ukiweka lugha mbili, zitunze zote mbili. Rust walipozindua ile tovuti ya 2018 tafsiri zilizokuwepo kwenye ya zamani hazikuwa tayari, na waliojitolea kuzitafsiri kwa miaka waliumia.

mkwezi_wa_minazi: Nilihamisha nyaraka zetu zote kwenye mfumo mpya mwezi uliopita. Zimependeza kweli ila wageni wamepungua ghafla. Je, ni Google?

Mleta somo: Anwani zilibadilika?

mkwezi_wa_minazi: Ndiyo, zote.

Mleta somo: Basi linki zote ambazo watu waliziweka kwenye blogu na majibu yao kwa miaka zinaishia 404, yaani ukurasa haupatikani. Fungua kumbukumbu za seva, orodhesha anwani zinazotoa 404, anza na zile zinazoombwa zaidi. Kila moja ielekeze kwa 301 (jibu la seva kwamba ukurasa umehamia moja kwa moja) kwenye ukurasa mpya unaolingana nao. Usizitupe zote ukurasa wa kwanza, mtu alikuja kutafuta kitu mahususi. Ukiwa GitHub Pages (huduma ya GitHub ya kuweka tovuti) huwezi kuweka 301 zako, kwa hiyo kwenye anwani ya zamani acha ukurasa mdogo wa HTML wenye meta refresh (tagi inayompeleka mtu ukurasa mpya yenyewe) na linki ya kubofya.

mkwezi_wa_minazi: Naanza usiku huu.

taa_ya_chemli: Naongeza kidogo. Kwetu nilipoangalia watu wanaingiaje, wengi hawaingilii ukurasa wa kwanza. Wanabandika ujumbe wa kosa kwenye Google, na sisi hatuna ukurasa wowote wenye ujumbe huo.

Mleta somo: Hili nilipaswa kuliandika kama hatua, asante sana. Rust wanalifanya vizuri: makosa yao mengi yana namba. E0382, kwa mfano, ni la kutumia thamani iliyokwisha hamishwa, na lina maelezo yake, msimbo wenye kosa na msimbo uliorekebishwa. Mtu akitafuta namba hiyo anaangukia kwao.

taa_ya_chemli: Sisi tuna ujumbe wa makosa kama 60. Naona kazi ni kubwa.

Mleta somo: Usianze na 60. Weka linki ya orodha hapa, tuandike matano ya kwanza pamoja. Tuanze na la mabano yasiyofungwa, ndilo vijana wa maabara walilokuwa wanalipata zaidi.