Somo: Umeagiza nyekundu, taa za pikseli zinawaka kijani

Mafundi wenzangu, usikate waya kwanza. Juzi niliitwa kwenye ukumbi mmoja Nyegezi, hapa Mwanza. Mkanda ulikuwa umekatwa na kulehemiwa upya mara tatu kwa kutafuta nyekundu, na waya hazikuwa na kosa lolote. Inauma, maana mkanda ule ni fedha ya mtu.

Tumezoea mikanda ya zamani ya waya nne, ambako kila rangi ina waya wake na ukibadilisha waya rangi inabadilika. Pikseli, yaani taa inayoendeshwa na chipu, ina chanya, hasi na data tu. Rangi zinakuja kama namba kwenye data, zikitumwa na kontrola, kile kifaa kinachoendesha taa. Kila pikseli inachukua zake tatu, zinazobaki inampa jirani.

Hatua ya 1. Punguza mwangaza. Washa nyekundu tupu, kisha kijani, kisha bluu, uandike unachokiona. Nyekundu na kijani zikibadilishana na bluu ikabaki bluu, tatizo ni mpangilio. WS2812B, aina ya pikseli ya volti 5, inapokea kijani kwanza, ndipo nyekundu na bluu. Ingia kwenye kontrola, toa RGB (nyekundu, kijani, bluu) weka GRB (kijani, nyekundu, bluu). Kazi imeisha.

Hatua ya 2. Washa nyeupe. Mwanzo nyeupe safi, mwisho njano au wekundu? Hapo umeme unaishia njiani. Bluu na kijani zinahitaji kama volti 3, nyekundu kama 2, kwa hiyo nyekundu ndiyo inayobaki hai. Pikseli moja ya WS2812B hula hadi miliampea 60 kwenye nyeupe kamili. Pikseli 150 ni ampea 9, na shaba ya mkanda ni nyembamba. Peleka chanya na hasi kwa waya mnene hadi mwisho wa mkanda. Mita ya kupimia volti uiweke wakati nyeupe imewaka, kwa sababu zikiwa zimezimwa utasoma volti 5 na kudanganyika.

Hatua ya 3. Zinametameta ovyo? Hasi ya kontrola na hasi ya pawa saplai lazima zikutane. Angalia pia mshale wa mkanda, unaonyesha data inaelekea wapi. Kontrola ya chipu ya ESP32 inatoa volti 3.3 kwenye data, wakati WS2812B ya volti 5 inataka 3.5, kwa hiyo weka katikati 74AHCT125, chipu ya kupandisha volti za data.

Kwa taa za nje huku ziwani, fungua maungio kabla ya kulaumu kontrola. Ukikuta kutu ya kijani, kata, lehemu upya, ziba.

Maswali

*Mwangaluka, fundi. Naomba nyekundu, napata nyekundu, kijani cheupecheupe, bluu, halafu inarudia hivyo hadi mwisho.*

Mwangaluka, ndugu yangu. Mkanda wako ni wa RGBW, yaani una na taa nyeupe ya ziada, kila pikseli inataka namba nne na kontrola inatuma tatu. Kwenye kontrola chagua aina ya SK6812 RGBW.

*Kaka, mkanda wa volti 12 una taa 300, lakini rangi zinabadilika tatutatu. Mbovu?*

Mzima kabisa, dada. Ni WS2811, chipu moja inaendesha taa tatu. Kwenye kontrola andika pikseli 100.

*Shikamoo fundi. Pikseli ya 40 inawaka, kuanzia ya 41 giza.*

Marahaba. Pima umeme kwenye ya 41. Ukiwepo, badilisha hiyo. Giza likibaki, badilisha ya 40: inaweza kuwaka vizuri huku mlango wake wa kutolea data umekufa.