Somo: Kulinda utani usigeuke matusi kwenye kundi la mashabiki

Habari zenu wadau. Wengi mmeniomba niandike jinsi tunavyoliendesha kundi letu la WhatsApp la mtaani, lenye Simba na Yanga humohumo, na bado watu wanasalimiana asubuhi dukani. Nimekuwa msimamizi kwa miaka sita. Mimi ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga. Nalisema mapema ili msome mkijua nimekaa upande gani.

Kabla ya hatua zenyewe, tuelewane kwenye neno moja. Simba na Yanga hatuitani maadui, tunaitana watani wa jadi, na utani una sheria zake tangu kwa babu zetu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Ukifiwa, mtani wako anakuja kukucheka huku anachota maji na kupasua kuni. Ruhusa ya kukusema anaipata kwa sababu ana wajibu kwako. Basi meseji yoyote inayonitatiza naipima hivyo: aliyeiandika angeweza kuyasema maneno hayo akiwa amekaa kwenye mkeka wa msiba wa huyu anayemtania? Kama angeweza, naiacha, hata iume vipi. Kama asingeweza, naifuta.

Hatua ya 1: Mkubaliane majina na mipaka

Majina kwanza, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia hapo. Utopolo, Makolo, Vyura, Mikia: kuna anayecheka na kuna anayeumia kweli. Sisi tuliyapigia kura humohumo kundini, jina moja moja. Utopolo na Makolo yalipita. Mikia wazee wa Msimbazi, yaani wa Simba, walilikataa, tukaliondoa, na hakuna aliyepungukiwa kitu.

Kisha mipaka. Yetu ni sita: mzazi wa mtu, mtoto wa mtu, maumbile, kabila, dini na picha binafsi. Iandikeni kwenye maelezo ya kundi, kwa mistari mifupi, isizidi ukubwa wa kiganja. Nimeona makundi yenye kanuni arobaini. Hakuna anayezisoma, na msimamizi mwenyewe hazikumbuki.

Kilichobaki ni ruksa. Kocha, usajili, kipa aliyetema mpira mbele ya mshambuliaji, historia. Wa Simba mwenye 6–0 ya 1977 aitumie, wa Yanga mwenye 5–1 ya 2023 aitumie. Msimamizi anayefuta utani halali anaua kundi haraka kuliko anayeacha matusi.

Hatua ya 2: Kila upande ukemee wa kwake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu niliteleza.

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023, Yanga ilipomfunga Simba 5–1, furaha ilinizidi. Mchana wa siku hiyo, baba mmoja wa Simba alikuwa ametuma picha ya binti yake wa darasa la pili, amevaa jezi nyekundu inayomfika magotini, ameshika kibendera. Baada ya mechi, kijana wa upande wangu akaikata ile picha, akaifanya stika, akaandika maneno juu ya uso wa mtoto. Ikazunguka. Niliiona. Sikucheka sana, lakini sikuifuta pia, nikaendelea kutuma za kwangu.

Saa sita usiku WhatsApp ikaniambia yule baba ametoka kundini. Tangu mwaka 2022 mtu akitoka, wanaojulishwa ni wasimamizi tu, kwa hiyo wenzake mia mbili na kitu hawakujua. Walikuwa bado wanacheka. Nilimpigia asubuhi. Hakunifokea. Alisema tu, "Dada, wewe ulikuwepo."

Tangu siku hiyo tuna wasimamizi wanne, wawili wa kila timu, na kanuni moja: shabiki wa Yanga akikosea, anaitwa na msimamizi wa Yanga. Wa Simba akikosea, anaitwa na wa Simba. Mkosaji hawezi kusema anaonewa na watani. Na msimamizi analazimika kuwatazama watu wake, ambao ndio rahisi kuwasamehe.

Hatua ya 3: Mipangilio ya kundi

Hii ni kazi ya dakika tano. Washa idhini ya wanachama wapya, ili anayeingia kwa linki asubiri mkubali. Hapo ndipo mnawazuia matapeli. Zuia wanachama kubadilisha jina na picha ya kundi, la sivyo siku ya derby, mechi ya watani, litabadilishwa jina mara kumi. Msimamizi anaweza kufuta meseji ya mtu yeyote, ila jina lake linaonekana kwamba ndiye aliyefuta. Msiogope hilo, ni zuri. Ukifuta, andika chini yake mpaka uliovunjwa: "Mzazi", au "Picha". Neno moja linatosha.

Hatua ya 4: Siku ya derby

Hatari haipo wakati wa mechi. Ipo kwenye dakika ishirini baada ya filimbi ya mwisho. Aliyefungwa bado ana moto kifuani, aliyeshinda anatafuta wa kumtambia, na wote wana simu mkononi.

Tunachofanya: filimbi ikilia, tunafunga kundi, wasimamizi pekee ndio wanaoweza kuandika. Msimamizi wa timu iliyoshinda anaandika matokeo kavu, bila emoji. Msimamizi wa timu iliyofungwa anaandika pongezi. Dakika ishirini zikiisha tunafungua, na hapo watambe mpaka asubuhi. Mara ya kwanza watu walinung'unika sana. Sasa ukichelewa kufunga, wao ndio wanaokukumbusha.

Siku iliyonichosha kuliko zote, mechi haikuchezwa kabisa: tarehe 8 Machi 2025, derby ilipoahirishwa siku ileile. Watu walikuwa wameshavaa jezi, hakuna matokeo ya kushangilia wala kulilia, tetesi zikajaa. Barua za kughushi zenye mihuri, sauti za watu wasiojulikana, picha za miaka ya nyuma. Tuliweka agizo moja: taarifa isiyotoka kwenye ukurasa rasmi wa klabu, TFF (shirikisho la soka Tanzania) au Bodi ya Ligi inafutwa. Mechi ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2–0, lakini agizo lile hatujaliondoa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa taarifa za uongo na unyanyasaji wa mtandaoni, na aliyefowadi asitegemee kwamba kusema "nimetumiwa tu" kutamlinda.

Hatua ya 5: Kadi

WhatsApp haina namna ya kumnyamazisha mtu mmoja kwa siku mbili; ama yupo, ama hayupo. Telegram inayo, tena ina kipimo cha kuchelewesha meseji ili mtu asiandike mfululizo, kwa hiyo wenye kundi kubwa huko wana nafuu. Sisi tunatumia kaunta buku, daftari la kuandikia makosa. Kosa la kwanza, msimamizi wa upande wake anamfuata inboksi na kumweleza kwa heshima, huku kundini kukiwa kimya. La pili, kadi ya njano mbele ya wote. La tatu, anatolewa kwa wiki mbili, na tarehe ya kurudi inaandikwa kwenye daftari. Tarehe ikifika, msimamizi ndiye anayemrudisha. Asimsubiri aombe.

Usimkemee mtu mzima mbele ya wadogo zake kwa kosa la kwanza. Atakubishia hata akijua amekosa, kwa sababu sasa analinda uso wake.

Wanaouza "mechi za uhakika" na mikeka ya kubeti ya kulipia hawapewi njano. Wanatolewa hapohapo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mwanza: Dada, aliyeanzisha kundi letu ndiye mtukanaji mkubwa. Tufanyeje, na kundi ni lake?*

Wasimamizi wenzake mwende kwake ana kwa ana, wawili, mmoja akiwa wa timu yake. Msimpelekee malalamiko ya watu. Mpelekeeni meseji zake mwenyewe zilizochapishwa, asome. Asipobadilika, fungueni kundi jipya. Watu ndio kundi, linki ni linki tu.

*Mwanachama wa Nairobi: Sisi ni Gor Mahia na Ingwe (AFC Leopards). Kwetu utani wa kabila ndio utani wenyewe, klabu zilitoka humo. Mpaka wako wa kabila hautufai.*

Kweli kabisa, na sitaki kuwapangia. Lakini tazama jina mlilolipa derby yenu: Mashemeji. Shemeji anataniwa mapishi, lafudhi, mahari aliyochelewesha kumaliza. Haambiwi arudi kwao, wala haguswi mwilini na mila za jando. Chukueni hilo liwe kipimo chenu. Na mwaka wa uchaguzi, kazeni zaidi, kwa sababu maneno yaleyale hubeba mzigo mwingine.

*Mwanachama, hakutaja mahali: Nikichangia hoja tu, wanaume wananifuata inboksi. Nimeacha kuandika. Ni kawaida?*

Imezoeleka, na haitakiwi kuzoeleka. Namba yako inaonekana kwa kila aliye kundini, kwa hiyo kundi lina wajibu wa kuilinda. Kwetu ni marufuku kumfuata mwanachama inboksi kabla hujamwomba kundini. Piga picha ya skrini, mtumie msimamizi unayemwamini, mblok huyo mtu. Anatolewa bila njano na jina lako halitajwi. Weka pia picha yako ya wasifu ionekane kwa namba ulizozihifadhi tu. Na kama wasimamizi wenu wote ni wanaume, dai wamweke mwanamke. Mimi nilipoingia, wanawake waliokuwa wakisoma kimya walianza kuandika ndani ya mwezi ule.

*Mwanachama wa Muscat: Tunakusanya michango ya jezi na basi la kwenda uwanja wa Mkapa. Msimamizi ashike hela?*

Hapana, kaka. Anayetoa kadi asishike fedha. Wekeni watu wawili wengine, na orodha ya waliotoa ibandikwe kundini kila Ijumaa, pamoja na kilichotumika. Nimeona kundi la miaka saba likivunjika kwa nauli ya basi moja.

*Mwanachama wa Tanga: Shikamoo dada. Nina miaka 19, nilitolewa kwa kosa la mwenzangu aliyetumia simu yangu. Nirudije?*

Marahaba. Mwandikie msimamizi mmoja, wa timu yako, mara moja tu. Eleza kilichotokea bila kumtaja aliyekuponza, kubali kwamba simu ni yako na dhamana ni yako. Usiwatume marafiki wakuombee kundini, wanawakasirisha walioumia. Kisha subiri wiki moja kabla hujauliza tena.

*Mwanachama wa Morogoro: Yule baba wa binti alirudi?*

Alirudi mwezi wa pili, kwa sharti moja. Hakutaka kuombwa radhi yeye wala kundini. Alitaka aliyetengeneza ile stika aende nyumbani akamwombe radhi mtoto. Kijana alikataa mara mbili. Ya tatu nilikwenda naye, Jumamosi jioni, na kreti ya soda. Binti alikuwa kibarazani, amevaa jezi ileile. Akamuuliza, "Wewe ndiye uliyeniandika usoni?" Kijana akachuchumaa, akasema ndiyo, mimi.