Namna ya Kuchagua Hifadhi ya Data Nyumbani kwa Kuanzia Siku ya Kurejesha

Swali ninaloulizwa kuliko yote katika kazi yangu ya kutengeneza kompyuta ni "ninunue diski gani?" Mimi hulijibu kwa swali jingine: kompyuta yako ikizimika leo isiwake tena, ungetaka kurudisha kitu gani kwanza, na ungekitoa wapi? Anayeweza kujibu hilo, ununuzi humwia mwepesi. Anayeanza na kifaa huishia kuwa na diski nzuri iliyojaa vitu ambavyo havina nakala popote, na huyo ndiye anayeniletea diski iliyokufa akiomba picha za wazazi wake ziokolewe. Mara nyingi haziokoleki. Ndiyo maana hapa tutaanza na kurejesha, ndipo turudi kwenye kununua.

Hatua ya 1: Panga data kwa uchungu wa kuipoteza

Chukua karatasi, gawa data yako mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vile ambavyo vikipotea havipatikani tena: picha na video za familia, sauti za watu waliotangulia, miswada, hesabu za biashara, hati na vyeti ulivyoskani. La pili ni vinavyoweza kutengenezwa upya kwa taabu, kama mipangilio ya kompyuta. La tatu ni vinavyopakuliwa tena: programu, michezo, filamu. Fungu la tatu halihitaji nakala. Ukishaliondoa, utakuta kilicho cha thamani ni kidogo kuliko ulivyodhani, na gharama inashuka hapo hapo.

Usiisahau simu, kwa sababu siku hizi sehemu kubwa ya fungu la kwanza imo humo. Tia pia kwenye fungu hilo nywila zako na misimbo ya dharura ya kufungulia akaunti. Simu ikipotea na misimbo ilikuwa ndani yake tu, nakala zako za mtandaoni zitakuwepo lakini mlango umefungwa.

Sasa pima. Picha ya simu huchukua megabaiti chache tu, lakini dakika moja ya video ya 4K hula kati ya megabaiti 170 na 400 kutegemea simu na mipangilio yake. Kwa hiyo video ndizo zitakazoamua ukubwa wa diski. Jumlisha mafungu mawili ya kwanza, zidisha mara mbili ili kuacha nafasi ya kukua, kisha tafuta diski ya ukubwa huo au unaofuata. Diski iliyoandikwa terabaiti 1 ikionyesha 931 tu kwenye Windows, hujapunjwa: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.

Hatua ya 2: Tenganisha kuhifadhi, kusawazisha na nakala rudufu

Hapa ndipo watu wengi hupoteza data, kwa hiyo tusiharakishe.

Kuhamisha picha kutoka kwenye kompyuta kwenda diski ya nje, kisha kuzifuta kwenye kompyuta ili kupata nafasi, si kuweka nakala. Umebadilisha tu mahali zinapokaa. Nakala rudufu ni faili ya pili, iliyopo wakati ya kwanza bado ipo.

Google Drive, Dropbox na OneDrive, kwa namna watu wengi wanavyozitumia, husawazisha. Ukifuta faili kwenye kompyuta, inafutika na kule. Google Drive huweka vilivyofutwa kwenye pipa kwa siku 30, halafu huviondoa kabisa. Muda huo unamtosha aliyeona kosa mapema. Haumtoshi anayekuja kugundua baada ya miezi kwamba folda ya mwaka fulani haipo.

RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, nayo husifiwa kupita kiasi. RAID 1 huandika kitu kile kile kwenye diski mbili kwa wakati mmoja, hivyo moja ikifa kazi inaendelea. Lakini ukifuta faili, inafutwa kwenye zote mbili papo hapo. Kirusi, mwizi na moto havijali una diski ngapi ndani ya boksi moja.

Hatua ya 3: Chora mpango wa 3-2-1

Kanuni hii ilienezwa na mpiga picha Peter Krogh, na sijaona inayoishinda kwa matumizi ya nyumbani: nakala 3 za kila faili, kwenye aina 2 tofauti za vyombo, na 1 kati yake ikae mbali na nyumba. Faili unayoifanyia kazi inahesabiwa kuwa nakala ya kwanza. Kwa familia ya kawaida hiyo ni kompyuta, diski ya nje, na ama wingu (hifadhi ya mtandaoni) au diski nyingine kwa ndugu.

Watu huiruka ile ya mbali kwa sababu ndiyo yenye usumbufu. Mimi huisisitiza kuliko zote. Hata vituo vikubwa huungua: Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza data pamoja na nakala zake kwa kuwa vyote vilikuwa mahali pamoja.

Ninaongeza sharti langu moja: walau nakala moja isiwe imechomekwa kwenye kompyuta muda wote. Programu haribifu za kudai fidia, kama WannaCry iliyosambaa Mei 2017, hufunga faili kwenye kila diski zinayoweza kuifikia, ikiwemo ya nakala. Diski iliyochomolewa haifikiki.

Hatua ya 4: Sasa chagua diski

Kwa kuweka nakala nyumbani, chagua diski kuu ya kawaida, ile yenye sahani zinazozunguka. Ni ya polepole, lakini kwa kila terabaiti ndiyo nafuu zaidi, na kasi si hoja nakala zinapoandikwa usiku. SSD, diski ya chipu, haina sehemu inayozunguka, kwa hiyo inavumilia misukosuko ya begi na inafaa kwa kazi za kila siku. Ila SSD huhifadhi data kwa chaji za umeme, na chaji hizo huvuja polepole ikikaa bila umeme, zaidi penye joto. Usiijaze picha ukaiacha kabatini kwa miaka. Flashi na memori kadi ni za kubebea data, si za kuitunzia.

Kama diski itaingia kwenye kifaa chenye diski kadhaa, uliza kama ni CMR au SMR, yaani namna mbili za kupanga mistari ya data kwenye sahani. Kwenye SMR mistari ya data hupandiana kama vigae vya paa, kwa hiyo kubadilisha mstari mmoja hulazimu kuandika upya na ile jirani, na kazi hudorora. Mwaka 2020 Western Digital ililalamikiwa sana baada ya kubainika kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya vifaa hivyo, zilikuwa SMR bila mnunuzi kuelezwa. Kwa diski ya nje ya nakala tu, SMR haina ubaya.

Jihadhari na diski au flashi zinazotangaza ujazo mkubwa kwa bei isiyoaminika. Ndani huwa na ujazo mdogo na programu iliyochezewa ili idanganye kompyuta. Faili zinaonekana kuingia, majina unayaona, lakini ukizifungua hazina kitu. Kabla ya kukiamini kifaa chochote kipya, kijaze na kukisoma kizima kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na kila saa ina faida yake.

Kuhusu muundo wa faili: exFAT inasomeka kwenye Windows na Mac. Epuka FAT32, haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Ukitumia Time Machine, programu ya nakala ya Mac, itengee diski yake peke yake.

Na kampuni ipi ni bora? Backblaze, kampuni ya kuhifadhi nakala mtandaoni inayochapisha takwimu za diski zake tangu 2013, huona zaidi kidogo ya diski 1 kati ya 100 zikifa kwa mwaka, na hizo ni diski zinazotunzwa kwenye vyumba vya kitaalamu. Jina kwenye kasha haliwezi kukuhakikishia kwamba yako si hiyo moja. Weka fedha kwenye diski ya pili badala ya kwenye jina.

Hatua ya 5: Amua kama unahitaji NAS

Wengi hawahitaji. NAS, yaani kompyuta ndogo ya diski inayounganishwa kwenye ruta, ina maana pale watu kadhaa nyumbani wanapotaka kuweka nakala za vifaa vyao sehemu moja. Ukiichukua, tafuta inayotumia mfumo wa faili wa ZFS au Btrfs, kwa kuwa mifumo hiyo hukagua data na kutambua iliyoharibika kimyakimya. Panga ukaguzi huo ufanyike kila mwezi. Iunganishe na UPS, betri inayoiweka hai umeme ukikatika.

Usiifungulie mlango wa intaneti moja kwa moja. Juni 2021 watu wengi wenye WD My Book Live walikuta vifaa vyao vimefutwa kutoka mbali, na Januari 2022 kirusi cha Deadbolt kilifunga faili kwenye NAS za QNAP zilizokuwa wazi mtandaoni. Ukihitaji kuifikia ukiwa safarini, pitia VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani. Na NAS yenyewe iwekewe nakala.

Hatua ya 6: Panga nakala ya mbali

Piga hesabu ya intaneti kwanza. Kupandisha terabaiti 1 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya siku 9 mfululizo. Kwa megabiti 100 ni kama saa 22. Angalia kasi ya kupandisha, maana ile ya kupakua ndiyo inayotangazwa. Ikiwa hesabu haikubali, pandisha fungu la kwanza tu, au tumia diski mbili zinazopokezana: moja nyumbani, moja kwa ndugu unayemwamini, mkibadilishana kila mkionana.

Kitu chochote kinachotoka nyumbani kifungwe kwa usimbaji fiche, ili kisisomeke bila ufunguo: BitLocker kwenye Windows, FileVault na Time Machine kwenye Mac, LUKS kwenye Linux. Andika ufunguo kwenye karatasi, uuweke mahali ambapo mtu mwingine wa familia anapajua. Ufunguo ukipotea, hakuna fundi atakayekusaidia, na mimi ni mmoja wao.

Hatua ya 7: Iachie programu kazi ya kukumbuka

Nakala inayotegemea mtu kukumbuka husimama baada ya muda mfupi. Mac ina Time Machine, Windows ina File History. Kwa anayetaka uwezo zaidi, restic, BorgBackup na Kopia zinasimba data na hazirudii kuandika kilekile mara mbili. Chochote utakachochagua, hakikisha kinatunza matoleo ya zamani ya faili: ya kila siku kwa wiki moja, ya kila wiki kwa mwezi, ya kila mwezi kwa mwaka. Bila matoleo, faili iliyoharibika leo itaifunika nzuri ya jana.

Hatua ya 8: Rejesha kabla hujahitaji

Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni inayotunza kodi za waandika programu, alifuta hifadhidata ya kampuni kwa bahati mbaya. Walikuwa na njia tano za kuweka nakala, na siku hiyo hakuna iliyofanya kazi ipasavyo. Ikiwa yaliwapata watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, nasi tujipime.

Kila baada ya miezi mitatu chagua faili chache bila mpangilio: picha ya zamani, hati ya juzi, video ndefu. Zirejeshe kwenye kompyuta tofauti na ile zilikotoka, uzifungue na kuzitazama hadi mwisho. Kuona jina la faili hakutoshi. Mara moja kwa mwaka mpe kazi hiyo mtu mwingine nyumbani, akiwa na karatasi ya maelekezo uliyomwandikia tu, wewe ukae kimya. Atakapokwama ndipo pa kurekebisha.

Hatua ya 9: Staafisha diski mapema

Diski ikianza kugonga au kuchelewa kufungua folda, nakili fungu la kwanza saa hiyo hiyo kabla ya kuendesha programu yoyote ya kuitengeneza, maana kuisugua kwa ukaguzi kunaweza kuimaliza. Hata isipolalamika, ikifika mwaka wa tano ishushe cheo iwe nakala ya ziada na nunua nyingine. Utakapoitupa au kuigawa, ile ya sahani iandikwe upya yote kwa sifuri. SSD tumia amri ya kufuta iliyo kwenye programu ya mtengenezaji wake, kwa sababu kuandika juu yake hakufikii sehemu zote.