Kutafuta hitilafu ya umeme katika Land Rover Series ya zamani

Mwenye Land Rover Series huzoea kusikia maneno yale yale kwa mafundi: alteneta (kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka) imekufa, au starta imekwisha. Mara nyingi hakuna kilichokufa. Nyaya za gari hili ni chache na rahisi kuzifuata, na baada ya miaka 40 au 50 kinachochoka kwanza ni viungo: vichwa vya nyaya vilivyoota kutu ya kijani, skrubu zilizolegea, na sehemu ambazo waya wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, umefungwa kwenye bodi. Kwa hiyo usinunue kifaa chochote kabla ya kupima. Unahitaji mita ya umeme, taa ya majaribio ya volti 12 yenye waya mrefu, msasa laini, spana na bisibisi.

Kabla ya kufungua chochote, tazama ni upande upi wa betri uliofungwa kwenye chesisi. Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, hufungwa hasi; lakini Series II na IIA nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa chanya, na kuna magari yaliyogeuzwa baadaye bila fundi kuacha alama yoyote. Ukiunganisha betri kinyume kwenye gari lenye alteneta, diodi zake, vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, huungua papo hapo. Vipimo vya hapa chini ni vya gari lililofungwa hasi.

Anza na betri, gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 imebaki nusu, na chini ya 11.9 ichaji kwanza, kwa sababu vipimo vinavyofuata havitakuwa na maana. Kisha mwombe mtu apige starta huku wewe umeweka ncha za mita juu ya nguzo za betri zenyewe, wala si juu ya vibano vyake. Ikishuka chini ya volti 9.6, shaka iko kwenye betri. Ikibaki juu na starta inazunguka kwa uvivu, hamisha ncha moja kutoka nguzo ya chanya uiguse kwenye chuma kitupu cha injini, ile nyingine ikibaki kwenye nguzo ya hasi, kisha starta ipigwe tena. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani kati ya injini na betri. Injini imekaa juu ya mipira, na mkanda wa shaba unaoiunganisha na chesisi ukikatika, umeme wa starta hutafuta njia nyingine. Nimewahi kushika kebo ya choki ikiwa moto kiasi cha kuunguza kidole, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikibeba mzigo wa starta nzima.

Ethi mbaya ndiyo chanzo cha vituko vingi, hasa kwa sababu bodi ni ya alumini na skrubu ni za chuma, na metali hizo mbili zikikutana na unyevu hulana. Dalili yake ni taa kufanya kazi isiyo yake. Kwenye gari langu, kila nilipokanyaga breki usiku, taa ndogo ya nyuma kushoto ilififia na indiketa ya upande huo ikawaka kidogo. Niliwasha taa, nikaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye kikombe cha balbu, nikasoma volti 4 mahali ambapo haifai kuzidi 0.2. Umeme uliokosa njia ya kurudi ulikuwa ukipitia kwenye waya wa ndani wa balbu ya jirani. Dawa yake ilikuwa kufungua skrubu moja, kusugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kupaka grisi kidogo na kukaza. Geji ya mafuta na ya joto zikipanda pamoja bila sababu, angalia ethi ya kidhibiti volti cha geji hizo nyuma ya dashibodi kabla ya kulaumu geji.

Ethi zikiwa salama, fuata rangi za nyaya, maana Waingereza walizipanga kwa utaratibu. Waya wa kahawia hutoka kwenye betri moja kwa moja bila fyuzi, mweupe hupata umeme ufunguo ukiwashwa, wa kijani ni baada ya fyuzi na ufunguo, wa zambarau una fyuzi lakini una umeme wakati wote, na mweusi ni ethi. Buluu ni taa kubwa, na nyekundu ni taa ndogo. Funga waya wa taa ya majaribio kwenye hasi, kisha gusa kiungo kimoja baada ya kingine kuanzia kwenye fyuzi. Pale taa inapoacha kuwaka, hitilafu iko kati ya hapo na kiungo ulichotoka kukigusa. Fyuzi ikiungua tena na tena, usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Katika magari mengi ya Kiingereza ya enzi hizo taa kubwa hazikuwa na fyuzi kabisa, hivyo shoti kwenye waya wa buluu huweza kuyeyusha fungu zima la nyaya.

Kuhusu kuchaji hakuna mengi: injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, gari lenye alteneta linapaswa kuonyesha kati ya volti 13.8 na 14.4 kwenye betri. Betri ikiisha gari likiwa limesimama tu, zima kila kitu, ondoa kibano cha hasi, uweke mita kwenye kipimo cha ampea 10 kati ya kibano na nguzo, na usithubutu kupiga starta mita ikiwa hapo. Gari hili likiwa halina redio wala saa, mita isome sifuri. Isiposoma hivyo, chomoa fyuzi moja moja ukitazama mita, na mwishowe chomoa plagi ya alteneta. Mita ikishuka hapo, diodi inavuja, na safari hii fundi alisema kweli.