Namna ya Kupima Iwapo Mbinu ya Biashara Inayojulikana na Wengi Bado Inalipa

Kila mavuno yanapofika Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, ushauri huwa ule ule: nunua mahindi mwezi Juni bei ikiwa chini, yatunze, uyauze Februari chakula kinapoadimika. Kabla ya kuingiza mtaji katika mbinu ambayo kila mtu anaijua, ni lazima uipime, kwa sababu kujulikana hakuiui kila mbinu, ila huila faida yake kwa namna unayoweza kuihesabu.

Anza kwa kuandika sentensi moja inayoeleza faida inatoka wapi. Ikiwa inatoka katika kujua bei ambayo wenzako hawaijui, tarajia itoweke, kwa maana simu moja tu inatosha kuisambaza habari hiyo. Ikiwa ni malipo ya mzigo unaoubeba, kama vile kufunga fedha kwa miezi minane, kulipia ghala na kukabili dumuzi (mdudu anayekula mahindi ghalani), sehemu yake itabaki, kwani wengi wanaoijua mbinu hiyo hawawezi au hawataki kuubeba mzigo huo.

Kisha piga hesabu ya gunia moja. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba gunia la kilo 100 linanunuliwa kwa shilingi 60,000 na kuuzwa kwa 90,000. Mfuko usiopitisha hewa ni 5,000, hamali na usafiri 6,000, ghala 4,000, na kilo mbili zinazopungua zina thamani ya 1,800. Unabaki na 13,200. Sasa wanunuzi wakiongezeka Juni, bei ya shambani itapanda, tuseme hadi 66,000, na wote wakifungua maghala Februari, bei ya sokoni itashuka hadi 84,000. Gharama zako hazijabadilika, isipokuwa upungufu ambao sasa ni 1,680, nawe unabaki na 1,320. Mtazamaji wa nje atasema mbinu bado inafanya kazi, kwa kuwa bei imepanda kwa 18,000 tangu mavuno, lakini aliyekopa kwa riba amekwisha kupata hasara. Kwa hiyo usipime tofauti ya bei peke yake. Pima kinachobaki, tena kwa misimu kadhaa, ile mibaya ikiwamo.

(Nimechagua mahindi kwa makusudi. Korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima huzipeleka ghalani na kupewa stakabadhi, kisha huuzwa kwa mnada, na kuzikusanya vijijini nje ya utaratibu huo ni kangomba, ambayo hairuhusiwi na ambayo humuumiza mkulima.)

Mambo ni hayo hayo katika hisa. Mwaka 2016 watafiti wa masuala ya fedha R. David McLean na Jeffrey Pontiff walichapisha utafiti juu ya viashiria 97 vilivyodaiwa kutabiri faida ya hisa. Nje ya kipindi cha takwimu zilizotumika kuvigundua viashiria hivyo, faida ilikuwa pungufu kwa asilimia 26, na baada ya viashiria hivyo kuchapishwa ilikuwa pungufu kwa asilimia 58. Asilimia 26 ya kwanza inatufundisha jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulisahau: mbinu nyingine haikuwahi kuwa nzuri kama ilivyosimuliwa, bali ilibahatisha miaka michache. Kwa hiyo, anayekuonyesha daftari la msimu mmoja uliomlipa, mwombe la misimu iliyotangulia.

Tafuta pia dalili za msongamano mapema: madalali kufika shambani kabla mahindi hayajakauka, kodi ya ghala kupanda mwezi Juni, na bei ya Februari kuanza kulegea tangu Desemba kwa kuwa kila mwenye akiba anataka kuwatangulia wenzake.

Hata hivyo, usilaumu umaarufu wa mbinu kwa kila anguko. Mwezi Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei huku Kusini ikaporomoka. Hapo tatizo halikuwa wingi wa walioijua biashara hiyo, bali soko lenyewe lilifungwa. Tofauti hii ina uzito katika uamuzi: msongamano hupungua baadhi ya watu wanapopata hasara na kujitoa, na faida inaweza kurudi, lakini soko lililofungwa halifunguki kwa subira yako. Ukigundua ni msongamano, nunua kidogo msimu huu kwa fedha isiyo ya mkopo, na uendelee kuandika bei za kila mwezi. Ukigundua mnunuzi ameondoka, uza ulicho nacho na usiongeze hata gunia moja.